Mwanakondoo anapoanza kula: matatizo ya tumbo, sababu zake na la kufanya

Malalamiko ya wafugaji wa kondoo wa Dar es Salaam, kuanzia Chanika na Pugu mpaka Bunju na Kigamboni, yanafanana. Mwana alizaliwa vizuri, akanyonya vizuri, halafu kati ya wiki ya pili na ya kumi tumbo likaanza vituko. Anaharisha, anajaa gesi, anakataa chakula, au anakula lakini haongezeki. Wengi hukimbilia dawa ya minyoo. Minyoo ipo, na tutaifikia, lakini kesi nyingi zinatokana na tumbo lililopewa kazi kabla halijawa tayari, au lililonyimwa kazi mpaka likachelewa kukua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "nimpe dawa gani?", jiulize tumbo la huyu mwana limefikia wapi.

Linavyokua tumbo lenyewe

Mwanakondoo anazaliwa na vyumba vinne vya tumbo, lakini kinachofanya kazi ni cha nne, abomasi, ambacho siku hiyo ndicho kikubwa kuliko vingine. Anaponyonya, mfereji ulio mwishoni mwa umio hujifunga na kupitisha maziwa moja kwa moja hadi huko. Rumeni, lile tumbo kubwa la kucheulia, bado ni kijifuko kilegevu kilicho kando.

Kinachoikuza rumeni ni nafaka, nyasi na maji. Nafaka ikichachuka humo hutoa asidi, hasa butireti, zinazochochea vijiulimi vya ukuta wa ndani virefuke mpaka ukuta unakuwa na nyuzi mfano wa taulo. Vijiulimi hivyo ndivyo vinavyofyonza lishe. Nyasi huzoesha misuli kufanya kazi na kupanua nafasi. Maji anayokunywa mwana huingia rumeni, ilhali maziwa hayapiti huko, ndiyo maana anayenyonya hadi kushiba bado anahitaji beseni la maji safi.

Mwana mzima huanza kudonoadonoa akiwa na wiki moja hivi. Kuanzia siku ya 10 hadi ya 14 awe na chakula chake mwenyewe. Wiki ya tatu utamwona akicheua akiwa amelala. Mwangalie alfajiri kabla banda halijachangamka. Kati ya wiki ya 6 na ya 8, kama amekuwa akila kweli, rumeni inaweza kumbeba. Kama hakuwa akila, ana wiki 8 za umri na tumbo la wiki tatu, na hapo ndipo matatizo mengi ya hapa chini yanapoanzia.

Vifaa vya kuwa navyo: kipimajoto cha kawaida cha duka la dawa (kinaingizwa njia ya haja kubwa, joto la kawaida ni 38.5 hadi 39.5, na mchana wa joto kali mwana anaweza kugusa 40), mizani ya kuning'iniza, na daftari. Pima uzito kila wiki, siku ile ile, kabla hajalishwa.

Dalili: Ana wiki tatu au nne na hagusi chakula

Sababu inayoongoza ni kwamba chakula hakimfikii. Kimewekwa kwenye hori la wakubwa, mama zao wanakimaliza kwa dakika chache, na mwana anabaki kulamba ubao. Mtengenezee kona yake: uzio wa mbao au wavu wenye mianya ya sentimita 15 kwa upana na kama 40 kwa kimo, ili wana wapenye na wakubwa wabaki nje. Kondoo wetu wa kienyeji na Blackhead Persian ni wadogo, kwa hiyo usianze na mwanya wa 20 kama michoro ya Ulaya inavyoonyesha; jike mwembamba atapita. Panua kidogo kidogo kadiri wana wanavyonenepa. Kona iwe penye mwanga, kavu, karibu na pale mama zao wanapopumzika. Mwana haendi kula gizani mbali na mama yake.

Ya pili ni chakula kilichoharibika. Hewa ya Dar, hasa masika kuanzia Machi hadi Mei, inatosha kuvundisha pumba kwenye hori kwa siku moja. Chota konzi ya chakula kutoka chini ya hori, si juu, unuse. Kikiwa na harufu ya uchachu au ukungu, au kimegandana, mwaga chote na sugua hori. Weka kidogo kila asubuhi, gramu 20 hadi 30 kwa kila mwana kwa kuanzia, na kilichobaki kesho yake wape wakubwa, mradi hakijavunda. Chenye ukungu asipewe mnyama yeyote: sumukuvu ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mwanakondoo halina ubavu wa kuihimili.

Ya tatu ni pumba zenyewe. Pumba za mahindi zinazouzwa mitaani mara nyingine huchanganywa na za mpunga, ambazo ni ganda tupu lenye kukwaruza mdomo. Tia konzi moja kwenye ndoo ya maji, koroga, subiri dakika mbili: maganda ya mpunga yataelea juu. Yakiwa mengi, badilisha muuzaji. Pumba laini sana nazo zinampalia mwana na kumziba pua, akaziacha.

Mchanganyiko wa kuanzia unaofaa, kwa kilo 10:

- mahindi yaliyoparazwa (punje ivunjike vipande, isiwe unga): kilo 3.9
- pumba za mahindi: kilo 2
- mashudu ya alizeti: kilo 2.5
- mashudu ya soya, au soya iliyokaangwa ikaiva na kusagwa: kilo 1.2
- chokaa ya mifugo: gramu 300
- chumvi ya mezani: gramu 100

Ukitumia mashudu ya soya unapata protini ya karibu asilimia 17 hadi 18. Ukitumia soya nzima ya kukaanga itashuka kidogo. Soya mbichi usitie, ina vizuizi vinavyozuia protini isiyeyushwe. Chokaa iwe ile ya maduka ya pembejeo za mifugo, si ya kupakia nyumba. Usiongeze dagaa, damu wala mifupa iliyosagwa, na urea usiitie kabisa. Rumeni changa haiwezi kuigeuza na itamwua. Mashudu ya pamba nayo yasubiri: yana gosipoli, sumu ambayo mwenye rumeni iliyokomaa anaimudu lakini mchanga haimudu.

Mpe pia nyasi kavu laini zenye majani mengi, kwenye wavu uliotundikwa usawa wa mabega yake. Majani ya lusina (mti wa malisho) yaliyonyauka ni mazuri, konzi moja tu. Mabua ya mahindi hayafai kwa umri huu.

Kama yote hayo yako sawa na bado hali, fungua mdomo. Magamba na vidonda pembeni mwa midomo ni ukurutu wa mdomo, ugonjwa wa virusi unaoambukiza binadamu, kwa hiyo vaa glavu. Mwana mwenye joto zaidi ya 40.5 hana tatizo la chakula, ana ugonjwa. Mwite daktari wa mifugo.

Dalili: Anaharisha

Umri wake na sura ya kinyesi ndivyo vitakavyokuonyesha pa kuanzia.

*Siku ya kwanza hadi ya saba.* Kinyesi cha manjano chenye kunata mkiani kwa anayenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ni cha kawaida. Osha kwa maji ya uvuguvugu ili njia isizibe. Kinyesi cha maji kwa mwana mnyonge mara nyingi ni bakteria, na nyuma yake kuna mwana aliyekosa dang'a ya kutosha: mililita 50 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa mbili za kwanza, na jumla ya 200 kwa kilo ndani ya saa 24. Mwana wa kilo 3 anahitaji basi mililita 600 siku hiyo ya kwanza. Wa umri huu akiharisha maji na kushindwa kusimama, usijaribu dawa za kubahatisha. Ana saa chache tu.

*Wiki ya 1 hadi ya 4, analelewa kwa chupa.* Hapa kosa liko kwenye chupa. Maziwa mengi kwa mara moja, ya baridi, au yaliyoongezwa maji leo na mazito kesho. Kipimo cha siku ni asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, kikigawanywa mara nne au tano wiki ya kwanza. Wa kilo 3 apate mililita 450 hadi 600 kwa siku, yaani kama 120 kila mlo. Maziwa ya ng'ombe yanafaa, kwenye joto la 38 hadi 39. Chemsha chuchu na chupa kila siku.

Angalia pia anavyonyonyeshwa. Asimame kwa miguu yake, chupa iwe kwenye kimo cha kiwele cha mama, aivute mwenyewe. Kijana wa bandani akimpakata mwana chali na kumkamulia maziwa mdomoni, au akimnywesha kwa kikombe kwa nguvu, ule mfereji haujifungi sawasawa. Maziwa yanamwagikia rumeni na kuchacha humo. Utamjua kwa kinyesi cha rangi ya majivu chenye kunata, tumbo la kushoto linalocheza maji ukilitikisa, na manyoya yaliyokosa nuru. Tiba yake ni kurekebisha mkao na kupunguza kiasi cha kila mlo. Akiwa hana hata nguvu ya kuvuta chuchu, analishwa kwa mpira hadi tumboni, na kazi hiyo uifanye baada ya kufundishwa na mtaalamu ana kwa ana. Mpira ukiingia kwenye mapafu hakuna marekebisho.

*Wiki ya 3 hadi ya 8, ameanza kula.* Anza na kilichobadilika ndani ya siku tatu zilizopita: kiroba kipya, majani mateke ya mvua za kwanza, mabaki ya sherehe. Ubadilishaji wowote wa chakula uchukue siku 7 hadi 10, robo kwa robo.

Kama hakuna kilichobadilika na kinyesi ni cheusi au chenye kamasi na damu, na mwana anajikamua, fikiria koksidia, vijidudu vya utumboni. Huu ni ugonjwa wa banda lenye unyevu, na Dar, kwenye mabanda yaliyobanwa uani na sakafu ya udongo, ndio mahali pake. Haupimwi kwa macho. Kinyesi kipelekwe maabara. Amproliamu inayouzwa kwa kuku hutumika pia kwa kondoo, lakini kwa uzito wa mwana, miligramu 50 kwa kilo kwa siku kwa siku 5, na kwa usimamizi wa daktari, maana ikizidi inaua vitamini B1 mwilini na kumpofusha mnyama. Dawa hiyo ni kazi bure kama sakafu inabaki mbichi. Inua sakafu kwa mbao zenye mianya ya sentimita 1.5 hivi, au tandika maranda makavu na kuyaondoa kila yanapolowa, na inua hori wasiweze kulinyea.

Minyoo inakuja baada ya hapo. Kumbuka kwamba mnyoo mbaya kuliko yote kwa kondoo wa pwani, ule unaonyonya damu tumboni, kwa kawaida hausababishi kuhara. Dalili yake ni ufizi na utando wa ndani wa jicho kuwa mweupe, na uvimbe laini chini ya taya. Mwana anayeharisha lakini jicho lake ni jekundu, minyoo hiyo siyo mshtakiwa wa kwanza. Unapompa dawa, mpime kwa mizani. Albendazo ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 kwa mililita, kwa hiyo mwana wa kilo 8 kwa kipimo cha miligramu 7.5 kwa kilo anahitaji mililita 2.4. Kukadiria kwa macho na kutoa pungufu ndiko kunakofuga minyoo sugu.

La kufanya wakati sababu inatafutwa, kwa umri wowote: rudisha maji. Paketi moja ya ORS ya duka la dawa kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa hadi uvuguvugu. Mwana wa kilo 5 apewe mililita 200 mara tatu au nne kwa siku, katikati ya milo ya maziwa, pakiwa na nafasi ya saa mbili. Usiichanganye na maziwa kwenye chupa moja. Usimwachishe kunyonya mama.

Acha kujaribu na mwite daktari ikiwa: ngozi ya shingo ukiivuta inakaa zaidi ya sekunde mbili kabla ya kurudi, macho yamezama, mdomo ni wa baridi, joto liko chini ya 38, kuna damu nyingi, au wana zaidi ya wawili wameanza ndani ya siku moja. Kuhara pamoja na homa, makamasi na vidonda mdomoni kwa wakubwa na wadogo ni dalili za sotoka ya mbuzi na kondoo. Funga banda, usiuze hata mmoja mnadani, na mpe taarifa afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo.

Dalili: Tumbo limejaa na kukaza

Simama nyuma yake uangalie upande. Kushoto juu, nyuma ya mbavu, ni rumeni. Kulia chini, muda mfupi baada ya chupa, ni abomasi.

Wa kushoto mara nyingi amekula wanga kupita kiasi. Hapa mjini wanga uko kila mahali: ukoko wa wali, ugali uliolala, mkate, pumba zilizoachwa wazi, na zaidi ya vyote chakula cha kuku, kwa sababu banda la kuku liko hatua tatu kutoka la kondoo. Rumeni inajaa asidi, mwana anasimama ameinamisha kichwa, anasaga meno, baadaye anaharisha maji yenye harufu kali ya uchachu. Ukimkuta mapema, bado anasimama: ondoa vyakula vyote isipokuwa nyasi kavu na maji, na mpe baikaboneti ya soda, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwenye mililita 100 za maji kwa mwana wa kilo 10. Beking pauda si kitu kile kile, wala hamira. Akilala chini na kushindwa kuinuka, hilo limeshavuka uwezo wa nyumbani.

Chakula cha kuku kina hatari nyingine zinazokuja taratibu. Madini yake yana shaba ya kiwango ambacho kuku anakimudu, lakini kondoo huihifadhi kwenye ini mpaka siku moja inamwagika kwenye damu: ufizi wa manjano, mkojo wa rangi ya kahawa, kifo. Baadhi yake huwa na dawa za koksidia ambazo kwa kipimo kikubwa huharibu moyo wa kondoo. Usikitumie kama mbadala wa chakula cha wana, hata mfuko ukiwa na neno "starter" kwa herufi kubwa. Madini ununue yale yaliyoandikwa kwamba ni ya kondoo.

Gesi ya kushoto inaweza pia kutokana na mikunde mibichi yenye umande. Mpe mililita 20 hadi 30 za mafuta ya kula kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, taratibu, kichwa kisipande juu ya usawa wa mgongo ili mafuta yasiingie mapafuni. Mtembeze. Usimtoboe ubavu kwa kisu kwa sababu umeona jirani akifanya hivyo kwa ng'ombe.

Wa kulia chini ni wa chupa: maziwa mengi ya moto kwa mlo mmoja, yakachachushwa na bakteria, na abomasi ikavimba kwa gesi. Huenda kasi, mwana anaweza kufa ndani ya saa chache. Kinga ndiyo kazi yako: milo midogo, vyombo safi, saa za milo zisizobadilika. Tiba ni ya daktari.

Na kuna plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini vifungashio vya karanga, vya sabuni na vya barafu bado vimetapakaa, na mabaki ya masoko ya Mabibo au Buguruni yanakuja navyo. Gesi inayoondoka na kurudi kila wiki, kwa mwana anayekula kidogo na kucheua kwa shida, mara nyingi ni fundo la plastiki. Hakuna dawa ya kuliyeyusha. Mwaga kila gunia la mabaki kwenye turubai na uchambue kwa mkono kabla ya kulisha. Maganda na majani mabichi ya muhogo yaliyomo weka kando mpaka yakauke kabisa juani, kwa ajili ya sianidi.

Dalili: Kitambi kikubwa, mgongo mwembamba

Huyu ananing'inia tumbo na mifupa ya mgongo unaihesabu kwa kidole. Amelishwa nyasi ngumu tupu kabla rumeni haijapata vijidudu vya kuzivunja: mabua, nyasi za kiangazi, ukoka uliokomaa. Nyasi zinakaa, tumbo linatanuka, lishe haitoki. Mrudishie ule mchanganyiko wa juu kidogo kidogo mpaka gramu 150 kwa siku, nyasi laini, na kama mama ana maziwa mwache aendelee kunyonya. Pima kinyesi kwa minyoo kabla ya kumpa dawa. Tumbo huchukua wiki tatu au nne kukaa sawa, kwa hiyo usibadilishe chakula kila siku ya pili kwa kukata tamaa.

Dalili: Aliyenenepa kuliko wote amekutwa amekufa

Hii inauma kuliko zote, kwa kuwa anayekwenda ni yule bora. Jana jioni alikula vizuri, leo asubuhi amekauka, shingo imekunjwa nyuma. Kwa wana wanaokula nafaka nyingi au wenye mama wa maziwa mengi, mshukiwa wa kwanza ni sumu ya bakteria wa utumbo, Clostridium perfringens aina ya D. Wanga unaoponyoka rumeni unawafikia utumboni, wanaongezeka haraka na kumwaga sumu.

Walio hai: kata mchanganyiko wa nafaka kwa nusu leo hii, ongeza nyasi. Kisha piga simu kuuliza chanjo. Mpango wa kawaida ni kumchanja mama wiki 4 hadi 6 kabla ya kuzaa, halafu wana wakiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudia baada ya wiki 3 au 4. Mzoga usichunwe wala kuliwa, na usiutupe bondeni. Ukipelekwa ukiwa wa baridi ndani ya saa chache kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) pale Temeke, unaweza kupata jibu litakalookoa waliobaki. Kila saa ya joto la Dar inapunguza kinachoweza kuonekana.

Dalili: Ameachishwa kunyonya, amesimama kukua

Aliachishwa kwa kalenda. Jike lilitakiwa kupandishwa, au maziwa yalitakiwa nyumbani, na mwana akatengwa siku ya 60 bila kuulizwa anakula kiasi gani. Kipimo cha kuachisha ni hiki: anakula gramu 250 za mchanganyiko kwa siku, siku tatu mfululizo, anacheua, anakunywa maji, na uzito wake ni angalau mara tatu ya ule wa kuzaliwa. Wa kienyeji aliyezaliwa na kilo 2.5 asiachishwe chini ya kilo 7.5. Asiyefikia, mwache. Kwa mfugaji asiye na haraka, miezi mitatu kwa mama ni salama zaidi.

Aliyekwisha kuachishwa mapema arudishwe kwa mama kama bado ana maziwa. Kama hana, mpe mchanganyiko mara tatu kwa siku kwa mafungu madogo, na mpeleke mama mbali asikosikika badala ya kumwacha alie upande wa pili wa ukuta. Usimchanje, usimhasi, usimhamishe banda wiki hiyo hiyo.

Kama alikula vya kutosha na bado amesimama, chunguza ulaini wa chakula. Kilichosagwa unga kinafanya vijiulimi vya rumeni vigandane na kukaza ngozi, vikashindwa kufyonza. Rudi kwenye kuparaza.

Dalili: Anakula udongo, mchanga au manyoya ya wenzake

Amepungukiwa chumvi au nyuzinyuzi. Tundika jiwe la chumvi la kondoo, jaza nyasi kwenye wavu, na kagua kama maji anayapata. Maji ya visima vingi vya karibu na bahari ni ya chumvi, na mwana huyanywa kidogo sana. Mtafutie ya bomba au ya mvua. Aliyeshiba mchanga hupata choo kigumu na tumbo zito. Asiyepata choo kwa siku nzima aonwe na daktari.

Dalili: Dume anajikamua, mkojo hautoki

Wafugaji wengi humwona ana tumbo linalouma na kumpa dawa ya kuvimbiwa. Tazama vizuri: anainua mkia, anakunja mgongo, anapiga tumbo kwa mguu, na manyoya ya kwenye uume ni makavu au yana punje za mchanga mchanga. Ni mawe ya mkojo. Yanawapata zaidi waliohasiwa mapema na wanaolishwa pumba tupu, kwa sababu pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Ile chokaa ya gramu 300 iko kwenye mchanganyiko kwa kazi hii, kalsiamu iwe mara mbili ya fosforasi, na chumvi ipo ili anywe maji.

Usimpe dawa ya kukojoza, wala usimnyweshe maji kwa nguvu: kibofu kilichoziba kitapasuka. Mwite daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na umweleze mara ya mwisho ulipomwona akikojoa.